Nywele za Uzima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Darkhan bado ni usiku.
Ndugu Colque ameamka kabla yangu tena:
nasikia magoti yake yakigusa sakafu,
kisha birika, kisha ule wimbo wa kwao Oruro
anaouvumisha puani akidhani nimelala.

Mimi ni mtu wa visiwa. Kwetu Tonga
baridi ni neno la wagonjwa wa homa.
Hapa hunishika pua kwanza,
vinyweleo vya ndani vikaganda,
halafu hushuka kuulizia vidole.

Soksi jozi mbili. Suruali mbili. Tai moja
ambayo hakuna atakayeiona chini ya koti.
Tunaifunga hata hivyo.

Tunaanzia ghorofa ya tisa, tunashuka
ngazi zinazonuka kabichi na mkojo wa paka.
Mlango: mbwa.
Mlango: kimya chenye kupumua.
Mlango: mwanamume kifua wazi anauliza
kama tumetumwa na watu wa umeme.
Tukisema hapana, anasikitika kwelikweli.
Mlango: mtoto anasema mama amesema hayupo.
Ndugu Colque anaandika daftarini: Hayupo. Yupo.

Kuna siku nasali kwa lugha yao
na Mungu ananiomba nirudie.

Bi Dolgor anaishi ng'ambo ya reli, kwenye mtaa wa mahema,
ambako moshi wa makaa ya mawe hulala chini kama ng'ombe aliyechoka.
Alitukaribisha kwa sababu ya mbwa wake.
Hakubweka, alisema, basi ingieni.
Akatupa chai ya maziwa yenye chumvi.
Nilikuwa nimeshajifunza kuinywa bila kukunja uso.

Nikatafuta sauti yangu ya kanisani,
nikamsimulia yule mwanamke wa kisimani
na mgeni aliyemwahidi maji ya uzima.
Ila kwao maji ni *us*, na nywele ni *üs*;
mdomo ukichongoka kidogo tu, umekwisha.
Wangu ulichongoka, kwa baridi au kwa hofu,
nikamweleza kwa uchaji wote
kwamba anywaye nywele hizo
kiu itamkoma.

Temuulen, mjukuu wake, alianguka chali juu ya zulia.
Ndugu Colque aliuma glavu.
Bi Dolgor hakucheka. Alivua kitambaa.
Kichwa kitupu, cheupe kuliko uso,
dawa za hospitali ya Ulaanbaatar, tangu kiangazi.

"Kijana," akasema, "hizo nywele nipe."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akakohoa,
mpaka Temuulen akaacha kucheka.

Sikuwa na aya ya jambo hilo.
Nikauliza, neno moja moja, midomo nimeilegeza,
kama nyumbani mna maji.
Hamna. Mtungi uko mtupu tangu jana.

Basi mkokoteni, mitungi miwili, foleni ya kioski,
barafu chini ya soli, gurudumu moja lenye kilema.
Mtu wa Oruro anavuta kama anayekwenda harusini,
mtu wa visiwa anaanguka mara tatu.
Maji yalimwagika kwenye suruali yangu ya juu
yakawa bati kabla hatujafika.

Tangu hapo ni Jumanne na Ijumaa.
Hajawahi kuja kanisani. Hajawahi kusema atakuja.
Fomu ya ripoti ya Jumapili ina safu ya masomo,
safu ya ubatizo, safu ya vitabu vilivyogawiwa.
Ndugu Colque huchora mtungi mdogo pembeni,
kisha huufuta.

Jana, tulipokuwa tukivaa viatu, Bi Dolgor
aliniambia kitu upesi upesi.
Nilimwomba arudie.
Akapunga mkono: si kitu, nendeni, giza linaingia.

Sasa nimelala na soksi zangu, nayageuza maneno yake.
Mlikuwa na *us* ndani yake, nina hakika.
Au *üs*.